Kutafuta Ukoo kwa Kipimo cha DNA: Mwongozo kwa Familia za Magharibi mwa Kenya

Mjini Nakuru wako watu wengi ambao babu zao walitoka Vihiga, Siaya, Kakamega au Kisii kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakazaa huko, wakazikwa huko, na wajukuu wakabaki na jina tu la kata wasiyoijua, lililoandikwa kwenye kitambulisho. Wengi wao ndio wanaoniuliza habari za kipimo cha DNA. Kwa kawaida huanza na jambo la mwisho, yaani ni kipimo gani kinunuliwe na kwa pesa ngapi, ilhali sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya mtu kutoa hata shilingi moja. Mpangilio ninaoutoa hapa niliujua kwa kuchelewa, nilipokuwa nautafuta ukoo wa babu yangu mwenyewe na kupoteza pesa kwa kupima watu wasiofaa.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kwa sentensi moja

Swali la "asili yangu ni ipi?" ni pana mno, na jibu lake litakuwa asilimia kadhaa zilizopakwa rangi kwenye ramani. Afadhali uulize hivi: "Babu aliyehamia Njoro alikuwa wa ukoo gani?" au "Nyanya aliyelelewa na wamisionari alizaliwa katika nyumba ipi?" Swali la kwanza hufuata mstari wa wanaume na la pili hufuata mstari wa wanawake, na kila moja lina mtu wake anayefaa kupimwa.

Ukishaliandika, amua kama ni swali la damu au ni swali la ukoo, kwa sababu katika sehemu zetu hesabu hizi mbili hazikuwa moja daima. Kwa Waluo, desturi ya ter ilimwingiza ndugu wa marehemu katika nyumba ya mjane, na watoto waliozaliwa baadaye walihesabiwa kuwa wa yule aliyelala kaburini. Ikiwa aliyeingia alikuwa ndugu wa baba mmoja, kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwanawe wa kiume, haitaonyesha tofauti yoyote. Ikiwa alikuwa mtu wa kutoka mbali, itaonyesha mstari mwingine kabisa, ingawa kwa desturi hakuna kilichoharibika. Miongoni mwa Wanandi, Wakuria na Wakisii, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa kutoa mahari, na watoto wa yule aliyeolewa wakawa wa nyumba ya mwoaji, huku mwanamume aliyewazaa akibaki nje ya hesabu. Zaidi ya hayo, jamii nzima zimewahi kubadili lugha au mila. Abasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano walikuwa wasemaji wa lugha ya Kibantu, na leo wengi wao huzungumza Dholuo; Watiriki nao wameishi na kuingiliana na Waterik, jamii ya Kikalenjin, kwa muda mrefu hata wakachukua mipango yao ya jando na marika. Kwa hiyo Mluo wa Mfangano ambaye mstari wake wa kiume unaonekana kuwa wa Kibantu hajadanganywa na mtu yeyote.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimeona familia ikigawanyika kwa matokeo ambayo mzee yeyote wa ukoo angeyaeleza kwa dakika tano. Anayehofia urithi pia ajue kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, humhesabu kuwa mtoto wa marehemu hata yule ambaye marehemu alimtambua waziwazi, au alimkubali kwa vitendo, kuwa wake. Asilimia zilizotoka kwa kampuni ya ng'ambo hazimfuti mtu kama huyo.

Hatua ya pili: kusanya maneno ya wazee kabla ya mate yao

Matokeo ya DNA hayaji na majina ya mababu. Huja na orodha ya watu wanaoshiriki nawe vipande vya damu, na wewe ndiwe utakayetambua ni kwa babu yupi mnakutana. Usipokuwa na mti wa ukoo, hata ulio na mapengo, orodha hiyo itakuwa kama daftari la majina ya wageni.

Anza na mtu mzee kuliko wote, na usimuulize miaka. Muulize kilichokuwa kikitokea. Aliyezaliwa nzige walipoharibu mashamba, aliyeolewa wakati wa msako wa dhahabu wa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, au aliyejifungua wakati wa mafuriko makubwa ya 1961, amekupa tarehe ya kutosha. Kwa Wabukusu na Wakalenjin, rika la jando ni kalenda bora zaidi: ukiambiwa kwamba babu alikuwa Kikwameti au Maina, unaweza kumweka katika kipindi cha miaka michache. Tahadhari ni kwamba majina ya marika huzunguka na kurudi baada ya takriban karne moja au zaidi, na kwa hiyo Maina wa babu na Maina wa babu wa babu huchanganywa kwa urahisi sana.

Majina ya kuzaliwa yanahitaji uangalifu wa pekee. Otieno ni aliyezaliwa usiku, na Okoth ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Ndugu wawili wa tumbo moja huenda wasishiriki jina hata moja, na watu elfu wasiohusiana wakaitwa sawasawa. Mifumo ya utafutaji ya kampuni za DNA imejengwa kwa nchi ambazo jina la ukoo hurithiwa kutoka kwa baba, na kwetu haina msaada mkubwa. Andika, kwa kila mtu, jina la ukoo wake, mlango wake ndani ya ukoo, kijiji alikozikwa, ukoo wa mama yake, na nyumba aliyozaliwa ikiwa baba alikuwa na wake kadhaa.

Baada ya wazee, fuata karatasi. Rejista za ubatizo mara nyingi ndizo nyaraka za zamani zaidi zinazotaja mtu wa kawaida. Misheni ya Waquaker ilianza Kaimosi mwaka 1902, ile ya CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, ikaanza Maseno mwaka 1906, na Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa na vituo vyao, Mumias kikiwa kimojawapo. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, na ina vituo Kisumu, Kakamega na Nakuru. Ukisoma kumbukumbu za kabla ya 1902, kumbuka kwamba eneo hili lote, kuanzia Kisumu hadi Naivasha, lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka huo, na ndiyo sababu baadhi ya barua za wakati ule hazipatikani chini ya jina la Kenya.

Hatua ya tatu: chagua kipimo kinachofuata mstari unaoutaka

Vipimo viko vya aina tatu, na mtu asipovitofautisha atanunua kile kinachotangazwa zaidi.

Cha kwanza hupima kromosomu za kawaida, jozi 22 ambazo kila mtu amepata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Hicho ndicho kinachouzwa na AncestryDNA, 23andMe na MyHeritage, na huonyesha jamaa wa pande zote, lakini nguvu yake hupungua kwa nusu kila kizazi. Binamu wa kwanza ataonekana bila shaka. Mtu mnayekutana naye kwa babu wa babu wa baba au mama huenda asionekane kabisa, ingawa undugu wenu ni wa kweli. Cha pili hupima kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu bila mabadiliko, na ndicho kinachofaa swali la ukoo wa kiume hata likirudi nyuma vizazi kumi. Mwanamke hana kromosomu hii, kwa hiyo atamwomba kaka yake, baba yake au ami yake apimwe kwa niaba yake. Cha tatu hupima DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wake wote lakini ni mabinti tu wanaoipitisha mbele. Vipimo kamili vya Y na vya mitokondria hupatikana hasa kwa FamilyTreeDNA ya Houston, Marekani, na bei yake ni kubwa zaidi kuliko ile ya kipimo cha kwanza, ambacho kwa kawaida huuzwa kati ya dola 40 na 100 bila gharama za kutuma. Hakikisha kwanza kwamba kampuni hutuma vifaa Kenya, kwa maana si zote zinazofanya hivyo.

Kipimo cha mitokondria hudharauliwa, lakini katika boma la wake wengi ndicho kinachotenganisha nyumba. Watoto wa mzee mmoja wenye mama tofauti wana Y ileile, na kipimo cha Y hakiwezi kusema nani alitoka nyumba ya kwanza na nani ya tatu. Mitokondria huweza, maadamu wake hao hawakuwa dada au jamaa wa upande wa mama, jambo ambalo lilitokea mara nyingi pale mke alipomleta mdogo wake awe mke mwenza.

Ikiwa shida yako ni ya mahakamani, kwa mfano malezi ya mtoto, hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kitakachokufaa. Mahakama inahitaji sampuli zilizochukuliwa mbele ya shahidi na kulindwa kwa maandishi hadi maabara, na kazi hiyo hufanywa nchini.

Hatua ya nne: mpime aliye mzee kwanza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kujipima mimi. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa hai wakati huo, na damu yake ilibeba mara mbili ya kile nilichobeba mimi kutoka kwa wazazi wake. Kila kizazi kilicho juu yako kina thamani ya vipimo kadhaa vya vijana. Ikiwa pesa zinatosha kipimo kimoja tu, mpime nyanya na ujiache wewe. Kampuni kadhaa huhifadhi sampuli kwa miaka mingi, hivyo mate ya mzee yaliyotumwa leo kwa kipimo cha bei nafuu yanaweza kutumika kwa kipimo kikubwa baadaye, hata mwenyewe akiwa ametangulia mbele ya haki.

Ukiwa na uwezo wa kupima wawili au watatu, chagua watu watakaokusaidia kugawa orodha. Binamu wa upande wa baba atakuonyesha ni jamaa wepi ni wa upande huo, na wengi wa waliobaki huenda wakawa wa mama, ingawa si wote.

Hatua ya tano: idhini na siri

Mzee anapoambiwa ateme mate kwenye kichupa kinachopelekwa ng'ambo, huwaza mambo mawili: uchawi na shamba. Hofu zote mbili zina historia, na kumcheka hakusaidii. Mweleze kwa lugha yake ya nyumbani kitakachofanyika, mwonyeshe kifaa, na umwambie wazi kwamba matokeo yanaweza kufichua mtoto asiyejulikana au kuonyesha kwamba aliyemwita baba hakumzaa. Akikataa, iishie hapo. Kumchukulia mtu mate kwa hila ni kosa kwa ubinadamu na pia kwa sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imezitaja data za jenetiki miongoni mwa data nyeti za mtu binafsi.

Wewe mwenyewe pia una la kufikiria. Mwaka 2023 wezi wa mtandaoni walichota taarifa za wateja milioni 6.9 hivi wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na swali la nani angenunua data za wateja likazuka. Tumia nywila usiyoitumia kwingine, washa uthibitisho wa hatua mbili, na usiweke tiki kwenye kisanduku cha kuruhusu utafiti kabla ya kukisoma. Katika GEDmatch, tovuti inayolinganisha matokeo ya kampuni mbalimbali, utaulizwa kama unaruhusu polisi kukutumia katika upelelezi. Swali hilo lilipata uzito baada ya tovuti hiyo kusaidia kumkamata muuaji wa California mwaka 2018.

Hatua ya sita: kuchukua sampuli na kuituma

Mtu asile, asinywe, asivute sigara wala asitafune chochote kwa muda wa nusu saa kabla ya kupimwa. Ndugu wa babu yangu alitii haya yote isipokuwa ugoro, ambao hakuuhesabu kuwa kitu cha kutafuna, na sampuli yake ilikataliwa na maabara. Tangu hapo humpima mzee asubuhi, baada ya kusukutua kwa maji na kusubiri, kabla hajakifikia kikopo chake.

Wazee wengi hawana mate ya kutosha kujaza kichupa, na kwao kijiti cha pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu ni rahisi zaidi. Sugua kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo, kwa nguvu kidogo, na usishike ncha kwa vidole. Andika jina la mtu kwenye bahasha kabla ya kuanza mtu wa pili. Katika mkutano wa familia, vichupa vitatu visivyo na majina ni hasara ya vipimo vitatu.

Tuma kwa kampuni ya usafirishaji wa haraka yenye ofisi Kisumu, Eldoret au Nakuru, ukieleza kwenye fomu kwamba ni sampuli ya binadamu isiyoambukiza, ya kupimwa nasaba. Usiache bahasha juani wala ndani ya gari lililofungwa. Majibu huchukua wiki kadhaa baada ya maabara kuipokea.

Hatua ya saba: soma asilimia, kisha uziweke kando

Sehemu ya kwanza utakayofunguliwa ni ramani yenye rangi. Asilimia hizo hutokana na kukulinganisha na vikundi vya watu walio hai ambao kampuni inavyo kwenye hifadhidata. Kwa Afrika Mashariki, vikundi hivyo ni vichache. Waluhya wana bahati kidogo, kwa kuwa sampuli za Waluhya wa Webuye zimo katika mradi wa kimataifa wa jenomu 1000 (jenomu ni DNA yote ya mtu) kwa alama ya LWK, na watafiti dunia nzima huzitumia kama mfano wa Wabantu wa Afrika Mashariki. Sampuli za Wamaasai nazo zilichukuliwa katika mradi mwingine wa aina hiyo. Mluo au Mkipsigis anaweza kujikuta ameandikiwa sehemu kubwa ya "Maasai" kwa sababu tu hiyo ndiyo rangi ya Kiniloti iliyokuwa karibu kwenye kasha. Hakuna kampuni inayoweza kukuambia kwa asilimia kwamba wewe ni Mmaragoli na si Mnyore.

Matokeo ya Y yana uthabiti zaidi. Kundi la mstari wa kiume liitwalo E-M2 ni la kawaida sana miongoni mwa wasemaji wa lugha za Kibantu, na A-M13 huonekana sana miongoni mwa Waniloti, lakini mipaka ya lugha na ya damu haijawahi kulingana kikamilifu, na Ziwa Victoria halikuwa ukuta.

Hatua ya nane: fanya kazi na orodha ya jamaa

Hapa ndipo majibu yalipo. Kila jamaa ana idadi ya sentimogani, kipimo cha urefu wa vipande mnavyoshiriki. Mzazi na mtoto hushiriki karibu 3,400, ndugu wa baba na mama mmoja karibu 2,600, na ndugu wa mzazi mmoja karibu 1,750. Idadi hiyo ya mwisho ndiyo pia ya babu na mjukuu, au ami na mpwa, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Umri husaidia kuamua. Binamu wa kwanza hushiriki wastani wa 870, na wa pili karibu 230.

Katika familia zetu, weka namba nyingine karibu: 450. Hao ni watoto wa ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, na ni wengi sana kwetu. Programu za kampuni hudhani ndoa ya mke mmoja, na zitakuambia kwamba mtu wa 450 ni mtoto wa binamu yako, wakati kumbe ni mjukuu wa nyumba ya pili. Wanawake wana njia ya ziada: dada wawili wa baba mmoja hushiriki kromosomu X yote waliyopewa na baba, hata mama zao wakiwa tofauti, na ukikuta X hailingani mwanzo hadi mwisho, hawakuzaliwa na baba mmoja.

Walio chini ya sentimogani 20 waache kwanza. Miongoni mwao utaona Wamarekani Weusi wengi, na mara nyingi mnachoshiriki ni masalio ya kale ya Kibantu yasiyofikika kwa mti wowote wa ukoo. Lakini Mmarekani mwenye sentimogani 400 ni jambo jingine. Kati ya 1959 na 1963 mamia ya wanafunzi wa Kenya walisafirishwa kwenda kusoma Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, wengi walifuata baadaye, na baadhi yao waliacha watoto ambao leo ni wazee wanaotafuta baba.

Wagawanye jamaa waliobaki kwa makundi. Mfungue jamaa mmoja unayemjua, tazama ni nani wengine mnaoshiriki naye, na uwape wote rangi moja; kisha mfungue mwingine asiye katika kundi hilo. Baada ya makundi manne utakuwa umepata, kwa makadirio, babu zako wawili na nyanya zako wawili. Kundi lisilomtaja mtu yeyote unayemjua ndilo linaloelekea kwenye pengo uliloandika katika hatua ya kwanza.

Kumwandikia jamaa mpya kunahitaji adabu. Usimtumie namba wala tuhuma, na usimuulize baba yake ni nani. Mimi huandika hivi: "Shikamoo. Naona kwamba tunashiriki damu kwa kiasi kinachoelekea undugu wa karibu. Babu yangu alitoka upande wa Vihiga na alihamia Njoro kabla ya Uhuru. Ningeshukuru kujua ukoo wa babu yako na kijiji alikozikwa, ikiwa huoni vibaya kuniambia." Kisha subiri. Wengine hujibu baada ya miezi sita, wengine hawajibu kamwe, na mmoja alinijibu kwa kunitumia picha ya kaburi iliyopigwa kwa simu, ikiwa na jina la ukoo lililochongwa kwenye saruji, bila kuandika neno lolote.